Ukuta wa Vichwa

Shangazi yangu amepiga picha nusu ya watu wa mtaa wetu, na karibu wote amewaambia neno moja: usicheke. Si kwamba anachukia kicheko. Ni picha za paspoti, na ofisi zinazozipokea hazitaki kuona meno. Basi mteja anakaa kwenye stuli, anajirekebisha kola, Shangazi anainama nyuma ya kamera na kusema "usicheke," na papo hapo mtu ambaye hakuwa hata na wazo la kucheka anaanza kutikisika mabega. Ndivyo alivyopata jina. Mtaani hakuna anayemwita vingine. Ni Mama Usicheke, na watoto wadogo wanadhani alizaliwa nalo.

Mimi ananiita Kwanini. Studio iko katikati ya shule na nyumbani, kwa hiyo nikitoka darasani napitia kwake, naweka begi chini ya meza, na maswali yanaanza.

Aliingia kwenye studio ile akiwa na umri kama wangu, kufagia kwa mpiga picha mzee aliyekuwa na kikohozi kirefu na maneno mafupi. Yule mzee alikuwa na chumba cha giza nyuma, chenye taa nyekundu na mabeseni ya dawa. Siku ya kwanza Shangazi kuruhusiwa kuingia, aliona karatasi nyeupe ikilowekwa, halafu polepole, kama mtu anayetoka kwenye ukungu, uso wa bibi kizee ukatokea ndani ya maji.

"Ukafanya nini?" nilimuuliza.

"Nikasema shikamoo."

"Kwa karatasi?"

"Si alikuwa ananiangalia! Na ni mkubwa wangu. Yule mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, tukadhani ndiyo basi tena."

Mzee alipostaafu alimwachia chumba, stuli, na lile kamera kubwa la sanduku ambalo ukitaka kuona kitu lazima ujifunike kichwa kwa kitambaa cheusi. Shangazi akaendelea na paspoti. Alijaribu na harusi pia, lakini harusi zilimkataa. Kuna familia moja ilimpa kazi, na picha zote zilikuwa sawa, bibi harusi anameremeta, keki inakatwa, wajomba wamesimama kama nguzo. Tatizo ni kwamba Shangazi aliweka na picha kubwa ya viti vitupu baada ya watu kuondoka. Kiti kimoja kimegeuzwa upande, kingine kimeachwa na kiatu cha mtoto chini yake, viwili vimesogezwa mpaka vimegusana.

"Sasa hii ni nini?" mama wa bibi harusi aliuliza. "Watu wako wapi?"

"Hao hapo," Shangazi akamwambia. "Hivi viwili vilivyosogeleana ni dada zako wale waliokuwa hawasemeshani. Uliona walivyoondoka?"

Yule mama hakutaka kuona. Habari zikaenea kwamba Mama Usicheke anapiga picha za fanicha, na simu za harusi zikakatika. Yeye anasema hapo ndipo alipojua anachokitaka.

Anachokitaka ni hiki: picha za watu, bila watu. Mchana anapiga nyuso za paspoti, na muda unaobaki anatafuta mahali ambapo mtu amepita mara nyingi hadi pakamkariri. Ana picha ya ngazi ya zahanati iliyolika katikati. Ana picha ya mkasi wa fundi cherehani, rangi imetoka pale tu kidole gumba kinapokaa. Ana picha ya kibodi ya karani mmoja, herufi nyingine zote zinasomeka, A imefutika kabisa.

"Uso unajua kudanganya, mwanangu," aliniambia siku moja akisafisha lenzi. "Unaupangusa, unaupaka poda, unauambia usicheke unatii. Lakini mahali ulipozoea kuweka kiwiko hapajui kujipanga kwa ajili ya kamera."

Mama yangu, ambaye ni wifi yake na haachi kumtania, alidakia kutoka mlangoni. "Yaani wifi, mimi siku nikifa utanitundikia picha ya sufuria?"

"Nimeshaipiga zamani. Upande ule unaokwangua ukoko."

Mama alisonya, lakini niliona ameficha tabasamu kwenye kanga.

Sasa, picha ambayo Shangazi aliitaka kuliko zote ilikuwa hapo hapo studio. Ni ukuta ulio nyuma ya benchi la kusubiria. Watu wanaongoja picha zao huegemeza vichwa, na vichwa vina mafuta, na miaka imepita. Ukuta ulikuwa umeota madoa ya mviringo, mengine meusi, mengine ya kahawia, mengine hafifu kama pumzi kwenye kioo. Juu kulikuwa na doa la peke yake la watu warefu. Chini, mstari wa vidoa vidogo vya watoto. Karibu na dirisha palikuwa na doa pana kuliko yote, kwa sababu pale ndipo upepo unapopita na kila mtu hupagombania. Ukikaa stuli ukautazama, unaona kundi zima la watu wamekaa kimya wanakungoja wewe.

Alishaupiga kwa simu mara nyingi, kwa majaribio. Lakini picha ya simu ukiikuza iwe kubwa kama mlango inachakaa, inakuwa chengachenga. Alitaka kuipiga kwa lile kamera la sanduku, na alitaka mwanga fulani. Kuna majuma machache tu katika mwaka ambapo jua la alasiri linapita ubavuni mwa ghorofa la mbele, linaingia mlangoni kwa mshazari na kuulamba ukuta ule, na hapo kila doa linang'aa kama limefufuka. Mwaka uliopita kulikuwa na mawingu. Mwaka wa nyuma yake kamera lilikuwa bovu. Mwaka huu kamera lilikuwa zima, jua lilikuwa limeanza kugeuka, na kulikuwa na jambo jipya: ukumbi wa maonyesho ulikuwa umemwita.

Tulikwenda pamoja kuuona, Jumamosi. Ni ukumbi wa kweli, wenye taa za kuelekeza na sakafu inayolia ukitembea. Msimamizi wake, mwanamke wa miwani mikubwa anayeongea taratibu kama anapima maneno kwa kijiko, alituonyesha kuta mbili za pembeni kwa picha ndogo, halafu ukuta wa mwisho, ule unaouona ukifungua tu mlango.

"Hapa nataka ule wa vichwa," alisema. "Mkubwa, peke yake. Nimeona majaribio yako na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Lakini niwe mkweli. Usipokuwa tayari kwa wakati, nafasi hii nitampa mchoraji wa machweo. Yeye ana machweo mengi, yako tayari tayari."

"Nitakuwa tayari," Shangazi alisema. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaimba chinichini, yeye ambaye haimbi.

Ni lazima niseme kitu kuhusu Baba. Baba ni mdogo wake Shangazi, na ni fundi rangi. Si fundi wa kubahatisha. Watu humwita kutoka mbali kwa sababu ya pembe zake. Ukuta wa kijani ukikutana na dari nyeupe, mstari wake utadhani umekatwa kwa wembe. Na kwa mtu kama huyo, ukuta wa studio ulikuwa donda. Kila akiingia alikuwa anaukwepa kwa macho.

"Dada, huu ukuta unanivunjia heshima," alikuwa akimwambia. "Watu wanasema kaka mtu ni fundi, dada mtu anaishi kwenye mafuta."

"Achana nao, usijisumbue," Shangazi alikuwa akijibu.

Yeye alimaanisha hasa achana nao. Baba alisikia dada anayemwonea huruma, anayejua kazi ni nyingi na hataki kuwa mzigo. Katika ukoo wetu kila mtu hukataa mara tatu kabla ya kukubali hata glasi ya maji, kwa hiyo huwezi kumlaumu.

Tulipofika studio kutoka ukumbini, mlango ulikuwa wazi na ndani kunanukia upya. Baba alikuwa amesimama katikati, rangi hadi kwenye nyusi, anapiga mluzi. Alikuwa amechukua ufunguo wa akiba kwa Mama.

"Karibu kwako!" alisema, akafungua mikono kama mwenye duka. "Wageni wa maonyesho wakija kukutembelea wakute mahali pana hadhi."

Ukuta ulikuwa mweupe. Mweupe pee, laini, bila hata alama ya brashi.

Shangazi aliweka mkoba chini. Alikwenda taratibu, akagusa kwa ncha ya kidole, kidole kikarudi na rangi.

"Umepaka mara moja?"

"Mara mbili! Na kabla ya hapo nilikwangua, nikapiga msasa, nikaosha kwa sabuni. Yale mafuta ungeyapaka juu yangetokeza tena. Hayo hayarudi, dada. Nakuhakikishia, hayarudi kamwe."

Shangazi alikaa kwenye benchi, ambalo lilikuwa limevutwa katikati ya chumba. Alikitazama kidole chake.

"Asante, kaka," alisema. "Umefanya kazi nzuri."

Na Baba akavimba kwa furaha, hapo ndipo mimi nilipolipuka. "Lakini Baba, ile ndiyo ilikuwa picha!"

"Picha ipi?"

"Ya maonyesho. Ile kubwa. Ya mwisho kabisa!"

"Picha ya nini?"

"Ya ukuta!"

Baba alinitazama, akamtazama dada yake, akatazama ukuta. Uso wake ulifanya kitu ambacho sijawahi kukiona, ulishuka wote kwa pamoja kama pazia lililokatika kamba. "Ya... ule uchafu?"

"Ya vichwa," Shangazi alisema kwa upole. "Si kosa lako. Sikukueleza."

"Uliniambia nisijisumbue!"

"Ndiyo. Nilikuambia."

Usiku ule Baba hakula vizuri, na Baba asipokula vizuri nyumba nzima inajua. Mama alijaribu kumchekesha, ikashindikana. Shangazi naye siku iliyofuata alifungua studio kama kawaida na kupiga paspoti, lakini neno "usicheke" lilimtoka bila uhai, na wateja wakatii tu. Nilimwuliza atafanyaje. Akasema labda amwambie msimamizi atundike yale machweo.

"Kwani huna picha nyingine?"

"Ninazo nyingi. Lakini zote ni ndogo, Kwanini. Mkasi haujazi ukuta. Ngazi haijazi ukuta. Nilikuwa nataka watu wafungue mlango wakutane na watu."

Nikawa na swali lingine lakini nikalimeza.

Baba yeye hakumeza. Siku ya mapumziko tulifika studio mimi na Shangazi, tukakuta benchi limerudishwa mahali pake na limejaa. Msusi wa jirani alikuwepo, fundi viatu alikuwepo, muuza vocha, Mama, na Baba mwishoni kabisa. Katikati yao kopo la mafuta ya nywele lilikuwa linapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Wote walikuwa wameegemea ukuta mweupe na wanasugua vichwa, kulia kushoto, kulia kushoto, kwa bidii kama watu wanaofuta sakafu.

Shangazi alisimama mlangoni. "Mnafanya nini?"

"Tunasubiri," Baba alisema, bila kuacha kusugua.

"Mnasubiri nini?"

"Tunasubiri tu. Si ndivyo walivyofanya wale wa mwanzo?"

"Mimi nimeambiwa nisugue pale pa watu warefu," fundi viatu alilalamika, "na mimi si mrefu, shingo inaniuma."

"Kaka," Shangazi alisema, "vile vichwa vilichukua miaka mingi."

"Ndiyo maana nimeleta wengi!"

Hapo Shangazi alivunjika. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka msusi naye akaanza, mpaka Mama akashika mbavu na kusema, "Mama Usicheke leo kazi kwako!" Baba alibaki ameegemea, nywele zinameta, hajui kama amesamehewa au amechekwa. Nadhani vyote viwili.

Shangazi alitoka kwenda uani kunawa uso. Hakurudi. Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya kamba ya nguo, maji yanamdondoka kidevuni.

Kwenye kamba kulikuwa kumetundikwa shuka la kazi la Baba, lile analolitandika sakafuni anapopaka ili rangi isichafue. Alikuwa ameliosha maji kidogo baada ya kazi ya ukuta na kulianika hapo, halafu kwa fadhaa akalisahau. Ni shuka kubwa, zito, alikuwa nalo tangu kabla sijazaliwa. Jua lilikuwa nyuma yake. Kulikuwa na kijani cha shule yetu, mchirizi mrefu. Kulikuwa na krimu ya zahanati, na waridi ambayo sikuijua, na buluu juu ya buluu juu ya buluu. Kulikuwa na miduara ya makopo, mingi, imepandana kama pete. Nyayo za viatu zilikwenda upande mmoja zikarudi. Na chini, karibu na ukingo, palikuwa na sehemu mbili zilizokwisha kabisa, uzi umekonda, rangi imechakaa, na mwanga ulikuwa unapenya hapo kama kwenye madirisha mawili.

"Kwanini," Shangazi alisema bila kugeuka, "kimbia kalete lile kamera. Na miguu yake. Na usiliangushe."

Baba alitoka akiwa anajifuta mafuta kichwani, akaona kamera linafungwa kwenye miguu mitatu kuelekea shuka lake. "Aa-aa! Hapana. Dada, hapana. Hilo ni tambara!"

"Usiliguse."

"Ngoja basi nilifue. Nilifue kwa sabuni, litakate kidogo."

"Kaka, ukilifua nakuapia sitakusemesha."

"Watu watasema fundi gani mchafu namna hii! Mimi namwaga rangi namna hiyo? Tazama pale, huo mchirizi, lilikuwa kopo la mwanafunzi wangu, si langu! Nipige mimi mwenyewe. Nina suti. Naenda kuivaa sasa hivi."

"Sitaki suti."

"Umechukia kwa sababu ya ukuta. Unanilipizia."

Shangazi aliacha kufanya alichokuwa anafanya. Alimshika mkono mdogo wake, akampeleka nyuma ya kamera, akamfunika kichwa kwa kile kitambaa cheusi. "Tazama. Ukishatazama, ukisema hapana, nakunja kamera na tunawapa watu machweo yao."

Miguu ya Baba ilibaki nje ya kitambaa. Mara ya kwanza ilikuwa inahangaika kutaka kutoka.

"Limepinduka," sauti ilitoka ndani.

"Ndivyo linavyoona. Juu chini. Zoea kwanza."

Kisha: "Ile waridi ni nyumba ya yule mwalimu. Alibadilisha mawazo mara nne." Kitambaa kikasogea kidogo. "Buluu ni hospitali ya macho. Hapa nilikuwa na homa, nyayo zimekwenda upande." Miguu ilikuwa imetulia sasa. Mama alikuwa amekuja uani, na msusi na fundi viatu nyuma yake.

"Dada. Hivi viwili vyenye mwanga ni nini?"

"Unapiga nini chini pale, unapopaka karibu na sakafu?"

"Magoti," alisema. "Haya ni magoti yangu." Na baadaye kidogo, kwa sauti ndogo: "Kumbe nimepiga magoti kiasi hiki."

Alipotoka kwenye kitambaa macho yalikuwa mekundu, akasingizia mafuta ya nywele. "Piga," alisema. "Lakini usiandike jina langu."

Shangazi alipiga. Alitumia vipande vitatu vya filamu, akingoja upepo utulie kila mara, sisi wote tumezuia pumzi kana kwamba ni sisi tungelipeperusha. Msimamizi wa ukumbi alipoletewa picha iliyochapishwa alivua miwani, akaivaa, akauliza vichwa vimekwenda wapi. Shangazi akamwambia vimepakwa rangi na mwenye shuka hili. Mchoraji wa machweo alipewa korido, na nasikia aliuza vizuri tu.

Siku ya ufunguzi, ukifungua mlango, shuka la Baba lilikuwa limejaa ukuta wa mwisho kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na yale magoti mawili yalikuwa yanawaka. Watu walikuwa wanaingia wakiongea na kufika katikati wanapunguza sauti. Baba alikuja na suti, baada ya yote. Aliikagua picha pembe hadi pembe, akaukagua na ukuta wenyewe, akaninong'oneza kwamba aliyeupaka hakupiga msasa. Halafu akaona karatasi ndogo iliyobandikwa pembeni, akainama kuisoma. Ilikuwa imeandikwa: *Mdogo wangu.*

"Mdogo?" alimwambia Shangazi. "Na mvi hizi? Na hapo watajuaje kuwa ni mimi?"

"Hawatajua. Si ulisema nisiandike jina?"

"Nilisema, ndiyo." Aliifikiria. "Basi vizuri. Wasijue."

Alivuta kiti kutoka pembeni, akakiweka karibu kabisa na picha, akakaa mkono mmoja juu ya kila goti, na hakuinuka hapo mpaka ukumbi ulipofungwa. Kila aliyesimama kutazama alisalimiwa kwanza, halafu akaulizwa kama angependa kujua ile buluu ni ya wapi.